Anga Letu na Daftari Lake

Mkulima wa Ifakara akiinua macho kutoka shamba lake la mpunga huiona ndege ipitayo juu sana, akadhani yajipitia tu. Sivyo. Rubani yule husemezana kwa redio na waongoza ndege walioko Dar es Salaam, nao humpangia njia na kimo ili asigongane na mwenzake.

Kazi hiyo, ambayo hadi 1977 ilikuwa ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, tangu 2003 i mikononi mwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Ndege ipitayo hulipa ada, hata isipotua nchini. Ada hiyo ni mali ya umma, na vyombo vya kazi hii ni ghali.

Tusisahau rada ya pauni milioni 28. Mwaka 2010 kampuni iliyoiuza, BAE Systems, ilikiri mahakamani huko Uingereza kuwa haikutunza hesabu sawasawa, ikakubali kulipa pauni milioni 29.5 kwa manufaa ya Watanzania.

Waongoza ndege wapewe vyombo bora, na mkulima wa Kilombero aonyeshwe bei yake. Mali bila daftari hupotea bila habari.