Resi Ikinasa, Dereva Asikatwe Mshahara



Leo tunasema juu ya jambo ambalo wengi wetu tumelizoea kama kitu kidogo, nalo ni gari kunasa resi. Unaondoa mguu kwenye pedali ya mafuta, lakini injini inazidi kunguruma kama kwamba bado umekanyaga.

Mwenzetu mmoja alitoka Tororo na gari dogo la mizigo. Alipokaribia mpakani Busia, mahali malori yanapopanga foleni, aliinua mguu na gari likazidi kukimbia. Alikanyaga breki kwa nguvu bila kuiachia, akatoa gia, akapeleka gari pembeni, na liliposimama akazima swichi. Hakuna aliyeumia. Tajiri wa gari alipofika hakuuliza juu ya gari. Aliuliza, "Wewe ulifundishwa kuendesha na nani?" Mwisho wa mwezi pesa za fundi zikakatwa kwenye mshahara. Tena siku tatu kabla, dereva huyo alikuwa amemwambia tajiri kwamba pedali inarudi polepole. Alijibiwa ainyanyue kwa kidole cha mguu, aendelee na kazi.

Sisi tunasema huo si uendeshaji mbaya. Ni ugonjwa wa gari, na ugonjwa hupimwa kabla ya kutafuta wa kulaumiwa.

Kupima si kazi kubwa. Zima injini, iache ipoe. Kwanza toa mkeka wa sakafuni, ubonyeze pedali kwa mkono na kuiachia. Ikirudi vizuri sasa, mkeka ndio ulikuwa unainasa. Ikibaki nzito, fungua boneti, mwombe tanboi akanyage, wewe utazame mkono unaovutwa na kebo kule kwenye injini. Kisha chomoa kebo. Ikiwa mkono huo sasa unarudi wenyewe kwa haraka, ubaya uko kwenye kebo au pedali: nyuzi zimekatika ndani, ganda limepinda, au vumbi limejaa. Sisi wa barabara za murram na vumbi la saruji tunalijua hilo. Lakini mkono ukirudi kwa uvivu hata bila kebo, springi imechoka, au kile kibati kinachofungua na kufunga njia ya hewa kimeshikwa na masizi.

Kama kila kitu kinafunga sawasawa na bado injini iko juu, sikiliza. Bomba la mpira lililopasuka huingiza hewa ya ziada, nalo hutoa sauti kama ya nyoka. Magari mapya yasiyo na kebo hupimwa na fundi mwenye kompyuta.

Fundi akija na bisibisi tu, akalegeza skrubu ya resi na kuondoka, hajatibu kitu. Injini itazimika ukisimama, na siku kebo ikinasa tena, skrubu hiyo haitakusaidia.

Msidhani jambo hili ni la magari makuukuu ya kwetu peke yake. Mwezi wa Agosti 2009, karibu na mji wa San Diego, Marekani, mkeka usio wa gari lile ulinasa pedali na watu wanne wakafa. Kampuni ya Toyota iliita mamilioni ya magari yarudishwe, mengine kwa ajili ya mikeka, mengine kwa ajili ya pedali zinazonasa. Mwaka 2014 ilikubali kuilipa serikali ya Marekani dola bilioni 1.2 kwa kuwapotosha wateja juu ya hatari hiyo. Ikiwa kampuni kubwa namna hiyo ilikubali kosa, kwa nini tajiri mwenye gari moja aseme kosa ni la mguu wa dereva?

Sheria nayo haikunyamaza. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya ya mwaka 2007 yasema mfanyakazi akiona hatari kubwa amwarifu msimamizi wake mara moja, na mwajiri hana ruhusa ya kumrudisha kwenye hatari hiyo kabla haijaondolewa. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unamlinda mfanyakazi anayejiondoa penye hatari ya namna hiyo.

Lakini tusijidanganye. Wako wenzetu wanaotandika mkeka juu ya mkeka, na wanaofunga springi kwa kipande cha mpira wa tyubu, kisha hawamwambii mtu. Huyo anamharibia kazi mwenzake atakayeshika usukani kesho.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu. Kila asubuhi pedali ijaribiwe kabla ya abiria au mzigo kupanda. Dereva akiona ubaya auandike kwenye daftari, tarehe iwekwe, na tajiri atie sahihi. Na kebo, springi na fundi vilipwe na mwenye gari, kwa sababu ndiye anayekula faida yake.

Tajiri akikataa kutia sahihi, usibishane naye peke yako. Njoo na daftari lako ofisini kwetu, twende kwake pamoja.