Daftari la Wagonjwa ni Mali ya Taifa

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Leo twataka kusema na wanachama, na wote wanaokitakia mema Chama chetu, juu ya mali ambayo wengi hawaihesabu kuwa ni mali. Nayo ni habari za wagonjwa zilizoandikwa katika zahanati na hospitali zetu.

Mgonjwa hutoka zahanati ya kijijini, akapelekwa hospitali ya wilaya, na kutoka huko akapelekwa Muhimbili. Mara nyingi yeye hufika, lakini habari zake hubaki nyuma. Huulizwa upya, hupimwa upya, hulipa upya. Na mtaalamu atakaye kujua kwa nini dawa fulani imeacha kuponya katika wilaya tatu atajuaje, ikiwa kila hospitali imefungia daftari lake kabatini kama urithi wa ukoo? Anayeumia kwanza ni maskini.

Kwa hiyo twasema waziwazi: hospitali zote, za serikali, za misheni na za watu binafsi, hazina budi kuunganishwa kwa kompyuta zinazosomana. Wala tusidanganywe kwamba kazi hiyo ni ya Wazungu tu. Mwaka 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot karibu na Eldoret, Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Indiana, Marekani, walianza kuweka kumbukumbu za wagonjwa katika kompyuta. Kutokana na kazi hiyo ilizaliwa programu ya OpenMRS, mwaka 2004, ambayo yeyote aweza kuitumia bure. Na DHIS2, inayojumlisha takwimu za afya za nchi nyingi, yetu ikiwamo, ina mizizi yake Afrika Kusini baada ya ubaguzi kuanguka mwaka 1994, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Oslo.

Lakini kushirikiana si kutoa tu na kushukuru. Novemba 2021 wataalamu wa Afrika Kusini na Botswana waligundua aina mpya ya virusi vya korona, iliyoitwa Omicron, wakaitangazia dunia mara moja. Malipo yao yalikuwa nini? Kabla wiki haijaisha, Uingereza, Marekani na nchi za Ulaya zilikuwa zimewafungia milango wasafiri wa kusini mwa Afrika. Aliyepiga mbiu ya hatari ndiye aliyeadhibiwa.

Wako wasemao: basi tufungie kila kitu. Sisi hatukubali. Maradhi hayaombi pasipoti, na habari iliyofungiwa haimponyi mtu. Tujifunze kwa Indonesia. Mwaka 2007 ilikataa kutoa virusi vya mafua ya ndege, kwa kuwa chanjo zilizotengenezwa kutokana navyo ziliuzwa kwa bei ambayo watu wake wasingeiweza. Ilitukanwa sana. Lakini mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilipitisha utaratibu wa kugawana virusi vya mafua pamoja na faida zake. Indonesia haikutaka kufunga mlango daima. Ilitaka kuheshimiwa mlangoni.

Nasi vyombo tunavyo. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa iliundwa kwa sheria ya mwaka 1979. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023. Kinachotakiwa ni kuvitumia bila woga. Twadai mambo manne. Kwanza, jina la mgonjwa lisitoke hospitalini kwenda kwa mtafiti. Pili, daftari kuu likae nchini, na ufunguo wake uwe mikononi mwetu. Tatu, mtaalamu wetu awe mshiriki wa utafiti, asiwe mchukuzi wa chupa za damu. Nne, dawa itakayopatikana ituuzwe kwa bei tunayoiweza.

Na wanachama wana wajibu wao. Katika kamati za afya za kata na wilaya, ulizeni: umeme upo? Muuguzi mmoja anajaza rejesta ngapi kwa siku? Takwimu za uongo zikiingia katika kompyuta hubaki uongo.

Bendera tuliipandisha wenyewe. Na daftari la miili yetu tulitunze wenyewe, kisha tuwafungulie wenzetu kwa mkataba wa haki.

Uhuru na Kazi!