Tusiwanyime watoto mchezo, ni shule na ni tiba

Mzaha mzaha, hutumbuka usaha. Methali hii wazazi wengi tumeigeuza kiboko cha kuwatishia watoto. Mtoto akionekana anaruka kamba uani, sauti hutoka dirishani: “Wewe, huna kitabu cha kusoma?” Nami nilikuwa mzazi wa aina hiyo, hadi tumbo la mwanangu liliponifunza.

Mwaka wa 2019 kitinda mimba wangu alikuwa na umri wa miaka 7, nasi tukiishi mjini Embu. Kila Jumatatu alfajiri aliamka akishika tumbo. Siku nyingine alitapika chai yote. Tulimpeleka hospitali, akapimwa damu, choo na mkojo. Hakupatikana na minyoo wala amiba. Hatimaye daktari mmoja akauliza swali ambalo sisi wazazi hatukuwa tumejiuliza: “Je, wakati wa likizo huumwa?” Tukatazamana, mimi na mama yake. Hakuwa akiumwa.

Mtoto alikuwa akiogopa hesabu. Alikosea ubaoni mara moja, darasa zima likamcheka, na tangu siku hiyo hofu ikaingia tumboni. Daktari alitueleza kwamba ubongo na tumbo huwasiliana daima, na kwamba mtoto asiyeweza kusema “nina hofu” huisema kwa maumivu. Maumivu hayo ni ya kweli, si uongo wala ujanja. Bila shaka mtoto anayelalamika tumbo apelekwe kwanza kwa daktari, maana huenda ni ugonjwa mwingine. Lakini vipimo vikikosa kuonyesha kitu, mzazi achunguze pia moyo wa mtoto wake.

Machi 15, 2020, serikali ilitangaza kufungwa kwa shule zote nchini kwa sababu ya korona. Kila nyumba ikawa darasa. Nilinunua vitabu, nikaandika ratiba na kuibandika ukutani, nikaketi mbele ya mtoto kama mwalimu mkuu. Baada ya wiki mbili tumbo likarudi. Shule ilikuwa imefungwa, lakini mimi nilikuwa nimeifungua upya sebuleni.

Aliyetuokoa ni mama mkwe, anayeishi upande wa Nkubu, katika Meru. Tulipomtembelea hakuuliza habari za vitabu. Alichimba vishimo safu mbili uani, akaleta mbegu, akamwambia mjukuu wake, “Keti hapa unishinde ukiweza.” Huo ndio mchezo ambao Wameru huuita kiothi, na jirani zao Wakikuyu giuthi. Ni ndugu wa bao la pwani na ajua ya Wajaluo.

Ndugu msomaji, ukitaka kujua hesabu iliyomo katika vishimo hivyo, jaribu kucheza na mzee aliyeuzoea. Unachota kete zote za shimo moja, unazitia moja moja katika mashimo yanayofuata. Kabla ya kuchota, sharti ukadirie kete ya mwisho itaangukia wapi, na mwenzako atakujibu vipi. Hapo mna kuhesabu, kujumlisha, kutoa na kupanga mambo ya mbele. Mtoto aliyetetemeka akiulizwa 7 kuongeza 8 alikuwa akizipiga hesabu hizo kichwani, mbio mbio, ili amshinde nyanyake. Alipokosea hakuna aliyemcheka. Alipoteza kete tu, akajaribu tena.

Shule zilipofunguliwa kikamilifu Januari 4, 2021, tuliamua abaki nyumbani kwa muda. Haukuwa uamuzi rahisi. Mama yake alilazimika kufunga kibanda chake cha nguo kila asubuhi, na mapato yakapungua. Jamaa walisema tunamharibu mtoto. Isitoshe, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto wake anahudhuria shule, na anayekaidi bila sababu anaweza kushtakiwa. Hofu hiyo tuliishi nayo, na simshauri mtu yeyote aichukulie kwa wepesi.

Tulifundishana kwa michezo, familia nzima. Jumamosi sebule iligeuka soko la Gakoromone: vifuniko vya soda vikawa pesa, mtoto akauza ndizi na maharagwe, akarudisha chenji. Jioni tulitegeana vitendawili tukichambua mboga, na lugha yake ikapanuka. Aliruka kamba akihesabu tatu tatu hadi 60. Dada zake walimfunza mchezo wa nyoka na ngazi, naye akajua kwamba 48 iko mbali na 12 kwa sababu aliitembelea kwa kidole.

Wataalamu hawashangazwi na hayo. Mwaka wa 2008 watafiti wa Marekani, Geetha Ramani na Robert Siegler, walichapisha uchunguzi kuhusu watoto wadogo kutoka familia za kipato cha chini. Watoto hao walicheza mchezo wa ubao wenye nambari zilizopangwa kwa mstari, mara nne tu, kila mara kama dakika 15. Ujuzi wao wa nambari uliongezeka waziwazi. Na kwa upande wa mwili, Shirika la Afya Duniani linasema mtoto wa miaka 5 hadi 17 anahitaji wastani wa dakika 60 kila siku za mazoezi yanayomfanya apumue kwa kasi. Mtoto wa mjini anayetoka kwenye dawati, akaingia matatu, kisha akakaa mbele ya televisheni, atazipata wapi?

Lakini mchezo nao una kanuni zake. Kwanza, mzazi acheze kwa dhati, si huku akisoma simu. Pili, asiugeuze mtihani. Siku niliyoanza kumwekea mwanangu alama katika kiothi, aliziacha kete akaenda kulala. Tatu, mtoto aachwe ashindwe na pia ashinde, maana anayejua kushindwa bila aibu hataogopa ubao.

Tena nikiri yaliyotushinda. Mchezo haukumfunza kuandika vizuri. Hilo lilihitaji kalamu na subira. Wala sisi hatukuweza kuchukua nafasi ya marafiki wa rika lake. Kwa hiyo Januari 2023, yeye mwenyewe akiomba, tulimpeleka shule nyingine. Mwandiko wake ulikuwa wa kuchekesha, lakini Jumatatu ya kwanza alikunywa chai yote na kuomba mkate mwingine. Mama yake alitoka nje akalia.

Basi sisemi wazazi wawatoe watoto shuleni. Nasema tuache kuhesabu mchezo kuwa wizi wa wakati. Walimu nao wakumbuke kwamba kicheko cha darasa kinaweza kumgonjesha mtoto. Na wajenzi wa nyumba za kupanga katika miji yetu, kuanzia Embu hadi Meru, waache japo kipande cha ua. Siku hizi watoto wetu huchezea ngazini na barabarani, halafu tukashangaa wakigongwa na pikipiki.

Jioni ya leo, ndugu mzazi, zima televisheni kwa nusu saa. Tafuta mbegu za maharagwe na trei ya mayai, uketi sakafuni na watoto wako. Wakikushinda, usione haya. Udongo upate ungali maji, na hakuna mikono inayoufinyanga vizuri kama ile inayocheza nao.