Mlinzi hahesabiwi kwa mabao

Ndugu wachimbaji, mama zetu mnaotwanga na kuosha mawe, sisi wa sendika hapa Minova tuko na neno juu ya watoto wetu wanaocheza mpira.

Kuna watu wanapita viwanjani na kujiita maneja. Wanatazama mechi moja tu, wanashika mkono wa kijana aliyefunga mabao mawili, wanamwambia baba yake: huyu ni profesionali, toa dola za pasipoti na za teste, tumpeleke Ulaya. Baba anauza mbuzi, anauza shamba, anakopa kwa PDG wa shimo. Na yule beki aliyezuia mabao matano, hakuna hata anayemuuliza jina.

Tunasema wazi: hivyo sivyo mchezaji anavyopimwa. Tuangalie mtoto wa nchi yetu, marehemu Dikembe Mutombo, aliyetuacha tarehe 30/9/2024.

Mutombo alitoka Kinshasa mwaka 1987 na bursa ya masomo kwenda Chuo Kikuu cha Georgetown, Washington. Alitaka kuwa daktari. Mwaka wa kwanza hakucheza katika timu kubwa ya chuo. Koachi John Thompson alimwona, mtu wa mita 2.18, akamfundisha mwaka kwa mwaka kazi ya kulinda. Mwaka 1989, katika mechi moja, alizima mitupo 12 ya wapinzani. Msimu wake wa mwisho chuoni alikuwa anapata pointi 15 kwa mechi, anaokota mipira 12 na kuzima mitupo karibu 5.

Kule Marekani, vilabu vya basketi vinachagua vijana kila mwaka kwa zamu, na hata ule mpira wao wa kofia unafanya vile vile. Kijana halipi kitu ili achaguliwe. Juni 1991 Mutombo alikuwa ametimiza miaka 25, umri mkubwa kwa anayeanza. Vilabu vitatu vya kwanza vilichukua wengine. Denver, ya nne, ikamchukua yeye. Kwa nini? Msimu ule Denver ilikuwa inafungwa pointi 130 na zaidi kwa mechi. Waliona nyumba yao inavuja, wakatafuta mtu wa kuziba. Hawakuuliza tu anafunga ngapi.

Hawakujuta. Mwaka 1994 Denver, timu ya nane, iliitoa Seattle iliyokuwa ya kwanza. Katika mechi tano hizo Mutombo alizima mitupo 31. Mara nne alichaguliwa mlinzi bora wa ligi nzima. Alimaliza na mitupo 3,289 aliyoizima, na mmoja tu katika historia ya ligi hiyo amempita.

Sisi wachimbaji tunapaswa kuelewa jambo hili kuliko watu wengine. Shimoni kuna anayeweka miti. Hatoi hata kilo moja ya koltani, na siku ya kugawa wengine wanamdharau. Lakini miti yake ikikosekana, wote tunabaki chini. Beki ni huyo. Mkitaka kumpima mtoto, hesabuni mashambulizi yaliyoishia miguuni mwake. Angalieni anasimama wapi mpira ukiwa mbali, anaongea na wenzake ao ananyamaza, na akipitwa mara moja anarudi mbio ao anainua mikono. Na msimwangalie siku moja. Mnunuzi anayetaja bei ya koltani kwa kutazama rangi tu, bila mashine ya kusoma asilimia, sisi wote tunajua ni mwizi. Basi mtu anayetaja bei ya mtoto kwa mechi moja, tumwite nani?

Tena, sheria za FIFA zinakataza mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamia klabu ya nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache zilizoandikwa. Mtu anayetaka kumpeleka mtoto wa miaka 15 kwenye klabu ya Ulaya kwa siri anajua anachofanya. Na klabu inayomtaka mchezaji kweli ndiyo inayofungua mfuko. Haiko kazi ya mama anayetwanga mawe.

Masomo nayo yasiachwe. Mutombo alimaliza chuo na diploma ya lugha na ya diplomasia kabla ya kuanza kulipwa kwa basketi. Goti lingevunjika, bado angekuwa na kazi.

Basi, wazazi, mkiletewa karatasi ya maneja, msitie sahihi usiku. Ileteni kwa sendika tuisome pamoja, kabla hata franga moja haijatoka. Na Jumapili hii uwanjani, mpigieni makofi beki pia.