Mazungumzo ya Mwalimu: Shamba kando ya shimo

Mwezi uliopita nalikwenda kumwamkia mjomba wangu, ndugu ya mama, anayelima karibu na njia iendayo Likasi. Nalimkuta nyuma ya nyumba yake akichekecha chokaa kama mtu achekechaye unga. Alikuwa mweupe mpaka nyusi, na wajukuu wake walikuwa wakimcheka. Nikamwuliza, «Mjomba, wataka kupaka nyumba?» Akanijibu, «La, mtoto wa dada yangu. Nauguza udongo.»

Sikumfahamu mara moja. Mimi ni mtu wa vitabu. Shamba langu ni ubao mweusi. Lakini nalikaa kwake siku tatu, na leo nataka kuwasimulia niliyoyaona, kwani wengi wenu mna mjomba kama huyu, na wanafunzi wasomao ukurasa huu wamelishwa, karibu wote, na jembe la mtu fulani.

Kijiji chake kina kijito. Zamani, wakati wa kiangazi, akina mama walilima mboga kando yake, lengalenga, nyanya na vitunguu, na alfajiri walipeleka vikapu sokoni. Miaka kadhaa iliyopita, juu ya kijito hicho, pakafunguliwa kazi ya kuosha mawe ya shaba. Kampani sitaitaja jina, maana jambo hilo liko mbele ya wakubwa na halijaamuliwa bado. Nitasema tu kwamba usiku mmoja wa mvua maji yalishuka yakiwa na rangi ya maziwa yaliyochacha. Asubuhi samaki walielea matumbo juu, na baada ya siku chache majani ya maharagwe yakawa manjano. Mjomba alichuma jani moja, akalitia ndani ya kitabu chake cha sala, likakauka humo. Mpaka leo limo, na kila mgeni huonyeshwa.

Jamaa chache zilihama. Nyingi zilibaki.

Msidhani kwamba jembe na shimo yamekuwa adui tangu kale. Wazee wa Katanga walichimba shaba kabla ya Mzungu kufika. Misalaba midogo ya shaba iliyokutwa makaburini huko Sanga, karibu na ziwa Kisale, ni ya karne nyingi zilizopita. Mwaka 1926 Monsinyori de Hemptinne aliandika habari za watu walioitwa walaji wa shaba. Watu hao walipanda mlimani wakati wa kiangazi, mavuno yakiisha. Walichimba lile jiwe la kijani, wakajenga matanuru kwa udongo wa kichuguu, wakavukuta viriba mchana na usiku. Mvua zilipokaribia walishuka, wakarudi mashambani. Mtu yule yule alishika jembe na sururu, kila kimoja kwa majira yake.

Tena walijua kuisoma ardhi. Katika mwitu wa miombo huonekana vilima visivyo na miti, vyenye nyasi fupi na maua madogo. Mmea mmoja wa huko, ambao wataalamu huuita Haumaniastrum katangense, huota hata mahali palipokuwa matanuru ya kale, kwa sababu huvumilia shaba inayoua mimea mingine. Mahali penye kilima cha namna hiyo palifaa kuchimbwa, hapakufaa mahindi. Siku hizi twawalipa watu fedha nyingi watuambie neno lilo hilo.

Mambo yaligeuka Union Minière ilipoanzishwa mwaka 1906, na tanuru la Lubumbashi lilipoanza kuyeyusha shaba mwaka 1911. Mchimbaji akawa mtu wa kambi, akala posho. Mkulima akabaki kijijini. Unga wa kuwalisha watu wa kambi mara nyingi ulitoka mbali, hata Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Moshi wa tanuru ulichukuliwa na upepo kuelekea kaskazini-magharibi, ukaua miti, na huko Penga Penga udongo ukabaki mtupu kama kichwa kilichonyolewa. Waliolima upande huo hawakuulizwa neno.

Kisha ukaja mwaka 1990. Mwezi wa Septemba shimo la Kamoto, karibu na Kolwezi, liliporomoka. Gécamines, ambayo katika miaka ya 1980 ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka, ilishuka upesi, hata baada ya miaka michache haikufikisha sehemu ya kumi ya hizo. Mjomba alikuwa kijana wakati ule. Akumbuka watu wa mjini waliovaa viatu vyema wakija kwa miguu kuomba kulima, ili walipwe mihogo. Wengine walikodi vipande vya shamba, nao hawakujua hata kushika mpini. «Hatukuwacheka,» asema mjomba. Akafikiri kidogo. «Tuliwacheka siku ya kwanza tu.» Kwa hiyo, ninyi watoto wa kambi mnaosema kwamba watu wa kijijini ni watu wa nyuma, waulizeni wazazi wenu walikula nini miaka ile.

Tangu Sheria ya Madini ya mwaka 2002 makampani yamekuja kwa wingi. Mwaka 2024 Kongo ilitoa zaidi ya tani milioni 3 za shaba, na zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia. Tofauti na siku za wazee ni hii: shimo la leo halina majira. Halingoji mavuno, wala halisimami mvua ikinyesha.

Sasa turudi kwenye chokaa.

Udongo ukiwa mchachu, shaba na kadimi zilizomo huyeyuka upesi, na mizizi huzinywa pamoja na maji. Chokaa hupunguza uchachu huo, nayo samadi na majani yaliyooza huikamata shaba; ndipo mmea hunywa kidogo. Mjomba alifundishwa haya na kijana aliyesomea kilimo Lubumbashi. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha huko wamefanya kazi ya namna hiyo Penga Penga: wametia chokaa na mbolea, kisha wakapanda nyasi zilizozoea shaba, ili udongo ufunikwe usipeperuke. Lakini sikilizeni vema: chokaa haiondoi sumu. Huifunga tu, kama mbwa afungwavyo kwa kamba, na kamba huchakaa. Ni lazima kurudia, na chokaa hununuliwa kwa fedha.

Kwa hiyo mjomba hakutegemea chokaa peke yake. Mboga za majani hunywa metali kuliko punje ya mahindi, na tena hupokea vumbi la malori. Basi ameziondoa bondeni, akazipeleka nyuma ya kilima, naye huzinywesha kwa maji ya kisima alichokichimba pamoja na jirani zake watano. Mahindi yamebaki upande wa njia. Sombe huoshwa mara mbili kwa maji ya kisima kabla ya kutwangwa. Mihogo humenywa ganda nene, hata shangazi, yaani mkewe, akinung'unika kwamba chakula chatupwa. Mbegu huwekwa katika nyumba mbili mbalimbali. Mwanawe mmoja afanya kazi kwenye lile shimo lililo juu ya kijito, na mshahara wake ndio ulionunua chokaa. Nalimwuliza mjomba kama hilo halimchomi moyo. Akaniambia, «Wazee walichimba wakalima. Mimi nina wana wawili. Mmoja achimba, mmoja alima. Kosa liko wapi?» Sikupata jibu, wala sasa sinalo.

Mtasema mjomba aogopa bure? Mwaka 2009 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapa habari za mkojo wa watu waishio karibu na machimbo na viwanda vya Katanga. Walikuta kobalti nyingi kupita kiasi, na kwa watoto zaidi kuliko kwa watu wazima. Mtoto hucheza vumbini, hutia vidole kinywani. Kunawa mikono kabla ya bukari, jambo ambalo walimu twalisema mpaka wanafunzi husinzia, hapa lina maana nyingine.

Sasa niungame kosa langu mwenyewe. Walipokuja watu wa kuhesabu mashamba yaliyotakiwa na kazi ya shimo, wanakijiji waliniita niwaandikie, kwa kuwa mimi ndiye msomi wa jamaa. Naliandika kwa mwandiko mzuri sana. Lakini nalipima kwa hatua za miguu, wala si kwa mita. Naliandika «shamba kubwa la mihogo», nisiseme ni kubwa namna gani, wala mihogo ina miezi mingapi. Sikutia tarehe, wala sikumwomba chifu atie sahihi. Karatasi yangu ilirudishwa. Mama mmoja mjane, jirani ya mjomba, alilipwa miembe yake miwili tu. Mihogo yake, iliyokuwa chakula cha wanawe kwa mwaka mzima, haikuhesabiwa. Hakunilaumu. Nilipokuwa nikiondoka alinifungia karanga katika kitambaa, niwapelekee watoto. Karanga zile sikuweza kuzila.

Baadaye naliitafuta sheria yenyewe nikaisoma, jambo ambalo ningalilifanya kwanza. Tangu mwaka 1973 udongo wa Kongo ni mali ya Serikali. Lakini mtu aishiye juu yake kwa haki hakuachwa bila ngao. Sheria ya Madini yasema kwamba mwenye shimo hawezi kuukalia udongo ulio chini ya mita 45 kutoka shamba lililolimwa, pasipo ruhusa ya mwenye shamba. Anayeondolewa alipwe thamani ya udongo wake pamoja na nusu ya thamani hiyo juu yake. Iliporekebishwa mwaka 2018, sheria iliongeza kwamba kampani itoe asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya vijiji vya mahali pale, na kwamba ahadi zake ziandikwe katika daftari wapatanayo na wanakijiji. Tena, asilimia 15 ya ushuru wa madini ni ya utawala wa mahali penyewe. Nyinyi mnaokaa karibu na machimbo, ombeni kuliona daftari hilo. Wanafunzi wa masomo makubwa, someeni wazazi wenu kwa sauti. Hii ndiyo kazi ya elimu yenu wakati wa likizo, kuliko kuzungukazunguka barabarani.

Kuna neno lanisumbua. Nasikia wageni, hata wenyeji, wakisifu uvumilivu wa wakulima: tazameni jinsi wanavyostahimili! Mimi naogopa sifa hiyo. Uvumilivu wa mjomba ni wa kweli, nami nauheshimu. Lakini uvumilivu si kibali cha kumwagiwa sumu. Mtu akimsifu punda kwa nguvu zake, mara nyingi ana mzigo mwingine mkononi. Chokaa ya mjomba, kisima chake, mwanawe aliye shimoni, hayo yote ni gharama aliyolipa yeye kwa kosa la mwingine. Asiyeihesabu gharama hiyo hajaelewa alichokisifu.

Nayo nguvu ya kijiji ina mpaka wake. Tarehe 18 Februari 2025, ng'ambo ya mpaka, karibu na Chambishi katika Zambia, ambako wengi wetu tuna ndugu, ukuta wa bwawa la takataka za shaba ulibomoka. Asidi iliingia mto Mwambashi, ikashuka hata Kafue. Samaki walikufa, mahindi ya kando ya mto yakaungua, na mji wa Kitwe ukafungiwa maji. Serikali ilimwaga chokaa mtoni, hata kwa ndege. Ni chokaa ile ile. Lakini hakuna mjomba mwenye chekecheke la kutosha kazi hiyo.

Panapo watu wenye kusaidiana, mambo huwa mepesi kidogo. Huko Kolwezi Masista wa Mchungaji Mwema walianza kazi karibu mwaka 2013 katika mitaa ya wachimbaji wa mikono. Waliwaweka watoto darasani waliokuwa wakiosha mawe, nao akina mama waliwasaidia kulima kwa ushirika. Mama akipata cha kupika, mtoto hana sababu ya kwenda kuokota kobalti. Hesabu hiyo hata darasa la kwanza hulijua.

Siku ya tatu, kabla sijaondoka, mjomba alitoa kamba mpya. Alikuwa ameifunga fundo kila baada ya mita moja, kwa kuipima na mita ya fundi seremala, na urefu wake wote ulikuwa mita ishirini. Hatukuanzia shambani kwake. Alinipeleka kwa yule mama mjane, ambaye amefungua shamba jingine nyuma ya kilima, mihogo yake ikiwa imefika magotini. Mama yule alishika ncha moja, mjomba akashika ya pili, mtoto mmoja akahesabu mafundo kwa sauti, nami nikaandika: upana, urefu, miezi ya mihogo, mwembe mchanga mmoja, tarehe. Tulipofika pembe ya nne mtoto alikosea hesabu. Mama akasema, «Turudie toka mwanzo, Mwalimu. Leo hatuna haraka.» Tukarudia. Kisha tukaenda kumtafuta chifu.