Daftari la Wiki: Ruta Iko kwa Mwenye Nyumba

Makutupora ziko mbili. Moja iko kaskazini mwa jiji la Dodoma, yenye kambi ya JKT, kituo cha utafiti wa zabibu na visima vinavyolinywesha jiji. Nyingine iko Manyoni, Singida, ndiyo inayotajwa kila kinapozungumzwa kile kipande cha reli ya kisasa cha kilomita 422 kutoka Morogoro. Fundi wa intaneti akipigiwa simu aulize kwanza anaitwa ipi. Daftari la wiki hii limepiga kambi kwenye ile ya zabibu.

*

Mpangaji wa chumba cha uani anaambiwa kodi yake ina waifai ndani. Ni kweli. Ila ruta iko sebuleni kwa mwenye nyumba, nyuma ya televisheni, na paswedi ya kuingia kwenye mipangilio yake anayo fundi aliyeifunga, ambaye simu yake haipatikani tena. Ikifika saa mbili usiku mtandao unaanza kukatakata. Mpangaji anazima simu, anawasha, anaitukana kampuni.

Huenda kampuni haina kosa. Data ina safari mbili: kutoka kwenye simu hadi kwenye ruta, na kutoka kwenye ruta hadi duniani. Zote mbili hupimika bila kuigusa ruta. Mwenye kompyuta ya Windows afungue dirisha la amri, aandike ipconfig ili apate anwani ya ruta (mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1), kisha aandike ping na anwani hiyo. Ruta iliyo karibu hujibu ndani ya milisekunde chache. Majibu yakichukua mamia ya milisekunde, au mengine yakipotea njiani, ugonjwa kwa kawaida uko humo humo nyumbani. Ruta ikijibu sawasawa lakini 8.8.8.8, anwani ya Google huko nje, ikapigiwa ping na kukaa kimya, ugonjwa umevuka ukuta, na kuhamisha kitanda hakutasaidia kitu.

Kuna kipimo kingine kisichohitaji hata kompyuta: macho. Ukipita dirishani kwa mwenye nyumba, ukabisha hodi na kusalimia, tupia jicho taa za ruta. Kwenye ruta za faiba, taa iliyoandikwa LOS ikiwaka nyekundu maana yake mwanga wa faiba haufiki. Hapo ndipo pa kuipigia kampuni.

*

Wa kulaumiwa uani mara nyingi ni simtanki. Dodoma ni mji wa mgao wa maji, na tangi la lita elfu mbili husimamishwa palipo na nafasi, mara nyingi katikati ya nyumba kubwa na vyumba vya uani. Maji hunyonya mawimbi ya waifai, bati huyarudisha, na ukuta wa tofali za saruji huyachosha. Programu za bure za kupima waifai kwenye simu za Android huonyesha nguvu ya mawimbi kwa dBm, namba hasi: -50 ni raha, -67 bado inabeba video, -80 ni kuombea. Kila ikishuka kwa 10, nguvu imepungua mara kumi. Kwa hiyo kusogeza meza hatua mbili ili itoke kwenye kivuli cha tangi si ushirikina.

Ruta ikirusha majina mawili, lile la GHz 5 lina kasi lakini huchoka upesi mbele ya kuta. Mtu wa uani abaki na la GHz 2.4. Vikuza mawimbi vinavyouzwa madukani vina kasoro yake: watu huvichomeka chumbani, mahali ambapo mawimbi yameshakufa, wakati vinatakiwa kukaa katikati ya njia. Waya wa mtandao unashinda vyote. Hubeba hadi mita 100, na unaishia kwenye tundu la nyuma ya ruta bila kuuliza paswedi ya mipangilio.

*

Mei 12, 2024 kusogeza meza hatua mbili hakukusaidia kitu. Nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Taa za ruta ziliwaka kijani kama kawaida.

*

Kupima kisichoguswa si jambo geni hapa. Kina cha maji ya visima vya Makutupora kimekuwa kikipimwa tangu miaka ya 1950, na kumbukumbu hizo zikawasaidia watafiti kuonyesha kwamba hazina ya chini hujazwa hasa na misimu michache ya mvua kubwa, ukiwemo ule wa El Niño wa 1997/98. Hakuna aliyeshuka chini kutazama.

*

Mwenye nyumba unayelisoma daftari hili: itoe ruta nyuma ya televisheni, uiweke juu ya kabati, upande wa uani. Paswedi ya mipangilio hatuihitaji.