Mazoezi Yasiyokushinda

Mwezi huu tunaanza na barua. Imeandikwa na mama wa wilaya ya Manyoni, mwenye umri wa miaka 41 na watoto wanne, ambaye kazi yake ni ya kukaa mezani tangu asubuhi hadi jioni. Anasema:

"Dada mpendwa, tangu mwaka jana nimeanza mazoezi mara nne, na mara nne nimeacha. Kwanza nilifuata ratiba ya siku 30 niliyotumiwa kwenye simu. Siku ya tisa mtoto akaugua malaria, ikaishia hapo. Halafu niliacha ugali kabisa kwa wiki tatu. Halafu nikanunua majani ya chai ya kupunguza tumbo na unga wa kunywa badala ya chakula, vyote Sh. 85,000, na fedha hizo zilikuwa za sare za shule. Mara ya mwisho nilianza kukimbia alfajiri, goti likavimba. Sasa nimepimwa presha, iko juu, nimeambiwa nipunguze uzito. Nianzie wapi ili nisiache tena? Na baba watoto, ambaye hajui habari za zile fedha, nimwambieje?"

Mama mwenzangu, mtu mvivu haanzi mara nne. Tuliondoe hilo kwanza, maana naona katika barua yako umejihukumu sana. Shida ni kwamba kila ulipoanza ulichagua jambo kubwa lenye masharti mengi, jambo linalohitaji nyumba isiyo na mtoto mgonjwa, isiyo na mgeni wa ghafla na isiyo na mwezi wa ada. Nyumba ya namna hiyo sijaiona Manyoni wala Kiomboi.

Tena hauko peke yako. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015-16 uliohusu afya ya uzazi na mtoto ulikuta kwamba katika kila wanawake 100 wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49, wapatao 28 walikuwa na uzito uliozidi kiasi. Sababu si ngumu kuiona. Mama aliyekuzaa pengine alilima uwele kwa jembe la mkono, akatwanga, akafuata maji mbali, akaenda gulioni kwa miguu. Wewe unapanda bodaboda kwenda kazini, unga unaununua umekwisha kusagwa, bomba liko uani. Ni neema kubwa, wala asitokee mtu wa kutuambia turudi kwenye kinu. Lakini mwili umepoteza kazi yake, nasi hatukuupa nyingine.

Sasa kiasi gani kinatosha? Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, na siku mbili kwa wiki atumie misuli kwa nguvu kidogo. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano. Mwendo wa wastani ni ule wa mtu anayewahi basi ambalo bado halijapiga honi: unaweza kuzungumza na mwenzako, lakini kuimba huwezi. Mwongozo wa zamani, wa mwaka 2010, ulitaka kila kipande cha mazoezi kifike angalau dakika 10 mfululizo ndipo kihesabiwe. Huu wa 2020 umeliondoa sharti hilo. Kwa hiyo dakika saba za kumpeleka mtoto shule ya awali kwa miguu ya haraka zimo, na dakika saba za kurudi zimo.

Wengi watauliza, mbona kwenye simu tunaambiwa hatua 10,000 kwa siku? Namba hiyo ina historia ya kuchekesha. Ilitoka Japani katikati ya miaka ya 1960, baada ya michezo ya Olimpiki ya Tokyo ya mwaka 1964, wakati kiwanda kimoja kilipotengeneza kifaa cha kiunoni cha kuhesabu hatua na kukipa jina lenye maana ya "kipima hatua elfu kumi". Lilikuwa jina la kuuzia bidhaa. Mwaka 2019 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya uchunguzi wa wanawake wazee zaidi ya 16,000, wenye umri wa wastani wa miaka 72. Waliotembea hatua kama 4,400 kwa siku walikufa wachache zaidi katika miaka iliyofuata kuliko waliotembea 2,700, na faida iliendelea kuongezeka hadi kufika hatua 7,500 hivi, kisha ikasimama. Basi mama akifika 6,000 halafu akalala amenuna kwa sababu simu haijampongeza, amejionea bure.

Mfano mwingine ni wa kisukari. Mwaka 2002 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi mkubwa wa Marekani uliohusisha watu zaidi ya 3,200 waliokuwa karibu kupata kisukari. Kundi moja lilipewa dawa. Kundi jingine lilisaidiwa kutembea dakika 150 kwa wiki, kula kwa kiasi na kupunguza uzito kidogo. Lengo lilikuwa asilimia 7 tu, yaani kilo 6 hivi kwa mtu wa kilo 85. Baada ya miaka kama mitatu, waliougua kisukari katika kundi la kutembea walikuwa pungufu kwa asilimia 58 wakilinganishwa na wale ambao hawakupewa dawa wala programu hiyo. Katika kundi la dawa upungufu ulikuwa asilimia 31. Kilichowasaidia ni mwendo wa kawaida na kupunguza chakula, wiki baada ya wiki, wakiwa na watu wa kuwafuatilia.

Haya, tuje kwako Manyoni. Chagua kiasi ambacho ungeweza kukifanya hata siku mbaya. Mimi ningesema dakika 10 kwenda na 10 kurudi, kila siku ya kazi, saa ile ile. Ukiweza kushuka kwenye bodaboda kabla ya kufika kazini na kumalizia kwa miguu, hujahitaji hata kutafuta muda mwingine. Kimbilio la alfajiri liache. Goti lililobeba uzito mwingi halipendi kushtukizwa, na barabara yenye giza na mbwa si mahali pa mwanamke peke yake. Jioni jua likipungua panafaa zaidi, na ukipata jirani wa kwenda naye ni bora kuliko viatu vya bei. Raba yoyote isiyokubana inatosha. Wenzako wa Singida mjini wana barabara za kando ya maziwa ya Singidani na Kindai; wewe una barabara ya kwenda stesheni.

Na hapa niseme neno ambalo vitabu vya afya havisemi. Katika miji yetu midogo, mwanamke anayetembea haraka bila safari huulizwa maswali. "Mama nanihii, kuna msiba?" Beba kikapu. Nasema kwa dhati. Kikapu kitupu kimewaokoa akina mama wengi na maelezo marefu.

Masika yakija, au mtoto akiugua tena, fanya kigoda: kaa kwenye kigoda au kiti kigumu, simama bila kushika kitu, kaa polepole, mara 10. Pumzika, rudia. Kisha simama mbele ya ukuta, weka viganja ukutani, jisukume mara 10. Goti likiuma, tumia kiti kirefu zaidi. Hiyo ndiyo kazi ya misuli inayotajwa katika mwongozo, na uji hautakuwa umechemka. Ukikosa siku mbili au tatu, siku ya nne endelea na kiasi kile kile. Usijaribu kulipa deni kwa kutembea saa mbili. Ndipo goti linapovimba na moyo unapokata tamaa.

Upande wa chakula nitakusumbua kwa mambo mawili tu. Ugali usiuache, maana utaurudia tu, na ukiurudia utakula wa siku zote ulizokosa. Ugali wa uwele, wa mtama au wa dona, kipande cha ukubwa wa ngumi yako, na mboga ijaze nusu ya sahani: mlenda, majani ya kunde, mchicha, chochote kilichopo. Sisi wa mkoa huu tumebarikiwa mboga ambazo hazihitaji fedha nyingi, nasi tunazionea haya mbele ya wageni.

Jambo la kwanza ni mafuta. Singida ni nchi ya alizeti, na mafuta yakiwa kwenye dumu la lita 20 jikoni, mkono huwa mwepesi. Ni kweli mafuta ya alizeti hayana lehemu. Lakini kijiko kimoja cha chakula kina kalori kama 120, sawa na mafuta mengine yoyote, na mboga iliyomiminiwa kwa macho inaweza kula vijiko sita bila mtu kujua. Pima kwa kijiko. Kwa familia ya watu sita, vijiko vitatu kwa sufuria ya mboga vinatosha kabisa, na dumu litakaa zaidi. La pili ni sukari ya chai. Ukinywa vikombe vitatu vyenye vijiko vitatu vya chai kila kimoja, ni vijiko tisa, wakati kiasi kinachoshauriwa kuwa bora ni kama sita kwa siku nzima, pamoja na soda na biskuti. Punguza nusu kijiko kila wiki mbili, ulimi hautagundua. Chumvi nayo isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, hasa kwa mwenye presha.

Zile chai za tumbo hazina la kujadili. Nyingi huharisha tu, na uzito unaopungua ni wa maji.

Sasa baba watoto. Mwambie ukweli wa zile Sh. 85,000 kabla shule haijafunguliwa na hazijatafutwa. Mwambie baada ya chakula, watoto wakiwa wamelala, na umweleze pia habari ya presha, maana hilo ndilo zito na nadhani nalo umemficha. Kisha muombe kitu kimoja chenye umbo: kila jioni, kwa dakika 20, mtoto mdogo awe wake. Wanaume wengi hukataa "nisaidie kazi" kwa sababu haina mwisho. Dakika 20 zina mwisho.

Msomaji wa kijijini atauliza, nami je? Mama ambaye tangu saa kumi na mbili amepalilia alizeti huko Mkalama au Ikungi, akarudi na kuni kichwani, amekwisha kumaliza dakika zake za wiki kabla ya Jumatano. Huyo simwongezei hata hatua moja. Anachohitaji ni kukaa chini na kula maharage na yai, badala ya kubakiza ukoko baada ya wote kushiba.

Wapo pia wanaosema bila juhudi kubwa hakuna matokeo, na wanatutajia Alphonce Simbu, mzaliwa wa mkoa wetu, aliyeshinda mbio za marathoni za dunia mjini Tokyo tarehe 15 Septemba 2025 kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, akimtangulia Mjerumani Amanal Petros kwa sehemu tatu za mia za sekunde. Tulishangilia, na tutaendelea. Lakini kukimbia ndiyo kazi yake, na kwake sehemu tatu za mia ndizo medali. Kwako wewe tofauti ya sehemu tatu za mia haipo. Ipo tofauti kati ya Jumatatu uliyotembea na Jumatatu uliyokaa. Hata ile Jumamosi ya pili ya kila mwezi, ambayo serikali iliitangaza mwishoni mwa mwaka 2016 kuwa ya mazoezi, inapendeza kwa fulana na muziki, lakini katikati yake kuna siku nyingine karibu 30.

Mwisho, presha. Kutembea huishusha kwa pointi chache, na kwa wengine hizo chache ni nyingi. Hata hivyo, ukiandikiwa vidonge, vinywe, na usiviache kwa sababu unajisikia vizuri. Presha ya juu kwa kawaida haiumi popote. Rudi zahanati kila mwezi upimwe ukiwa umekaa na kupumzika dakika tano, na andika namba kwenye daftari la nyumbani. Ikibaki 140 kwa 90 au zaidi, mwonyeshe muuguzi daftari hilo. Ukiona kifua kinabana au unahema kuliko kawaida unapotembea, simama, na siku hiyo hiyo umwone daktari. Wajawazito na waliojifungua kwa upasuaji waulize kwanza kliniki kabla ya kuanza kigoda.

Mama wa Manyoni, tuandikie tena baada ya miezi mitatu. Usitutumie kilo, tutumie idadi ya siku ulizotembea.